Nani Alitoa Betri?

Kwa muda wa miezi miwili tulimwadhibu mwanetu kwa kosa tulilolitenda sisi wenyewe. Tunaliandika jambo hili hadharani kwa sababu alilaumiwa mbele ya ndugu zake, na aliyelaumiwa mbele ya watu hasafishwi kwa msamaha wa faraghani. Tunaliandika pia kwa kuwa huenda ziko nyumba nyingine, hapa Dodoma na kwingineko, ambamo kifaa kama kile kimewekwa juu ya kabati kikidhaniwa kuwa kimekufa, ilhali kina uhai.

Kifaa chenyewe aliletewa na shangazi yake aishiye Maskati, ambaye watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima. Lilikuwa sanduku la vipande vya kuunda roboti liitwalo LEGO Mindstorms, toleo la kwanza lililoingia sokoni mwaka 1998. Kiini chake ni tofali la plastiki la rangi ya njano, RCX, ambalo ndani yake mna kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Juu yake pana sehemu tatu za kupokea habari kutoka kwa vihisi, na tatu za kuendeshea mota. Tumboni hubeba betri sita za AA, zile zile zitumikazo katika saa za ukutani.

Binamu zake walikuwa wamekwisha kulijaza programu kabla ya safari. Mwanetu, mwenye umri wa miaka 12, aliunda kigari kilichokwenda mbele na, kikigusa ukuta, kikarudi nyuma na kugeuka. Nyumba nzima ilikaa sakafuni kukitazama.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Alfajiri tulihitaji tochi ya kwendea msikitini kufungua milango, nasi tukachomoa betri mbili katika lile tofali. Tulizirudisha baada ya siku mbili, wala hatukumwambia mtu. Mtoto alipokiwasha kigari, hakikwenda. "Umekifanya nini?" tukamuuliza. "Sijakifanya kitu, baba," akajibu. Hatukumsadiki. Sanduku likafungiwa stoo, naye akaambiwa kwamba asiyejua kutunza zawadi hastahiki kupewa nyingine. Mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki alipopita mtaani tulikuwa tayari kumpa, ila mama yake mtoto alikataa.

Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeswali pamoja nasi. Aliliwasha tofali, akatazama kioo chake kidogo, akaona kwamba tarakimu za saa, ambazo kwa kawaida husomeka 00.00, hazipo. Hakuuliza nani aliliangusha. Aliuliza: "Nani alitoa betri?"

Maelezo yake ni haya. Tofali lile linahitaji kwanza programu-msingi, yaani maagizo ya jumla yanayoliwezesha kuelewa programu nyingine zote. Katika RCX, programu-msingi hukaa kwenye kumbukumbu inayodumu kwa nguvu ya betri tu. Betri zikitoka, mna muda wa kama dakika moja kurudisha nyingine; mkichelewa, kila kitu hufutika. Na kwa kuwa betri sita zimepangwa kwa mfuatano, ukitoa moja ni kama umezitoa zote. Kifaa hakikuharibika. Kilisahau, na waliokisahaulisha ni sisi.

Kukifundisha upya kulitaka subira zaidi ya fedha. Sandukuni mlikuwamo kinara kidogo ambacho hatukujua kazi yake. Hicho ndicho hupeleka programu kwenye tofali kwa miale ya infraredi, kama rimoti ya televisheni. Kinara chetu huunganishwa na kompyuta kwa tundu la pini 9, ambalo kompyuta mpya hazina. Kwa idhini ya mwenyekiti tulitumia kompyuta kuukuu ya mezani inayoandikia barua za msikiti. Faili la programu-msingi tulilipata katika diski iliyokuja na sanduku, na kwa kuandikia maagizo tulitumia NQC, lugha ya programu iliyotungwa na Dave Baum na kutolewa bure.

Mara ya kwanza kazi ilikwama kwa sababu ya jua letu la Dodoma, maana mwanga mkali huvuruga miale ile. Tulifunga pazia na kusogeza tofali karibu na kinara. Mara ya pili umeme ulikatika katikati ya kazi, tukaanza upya. Mara ya tatu, baada ya dakika chache, tarakimu za saa zilitokea kiooni.

Hapo tukajifunza kwamba nguvu hutangulia, amri hufuata. Betri za kawaida ni volti 1.5 kila moja, hivyo sita ni volti 9. Zile za bei ya chini kabisa, zinazoifaa saa au redio, huzidiwa upesi na mota. Za kuchaji, aina ya NiMH, ni volti 1.2, jumla 7.2, mwendo hupungua kidogo, lakini huchajiwa mara nyingi na gharama hushuka. Familia za vijijini, Bahi au Chemba, zaweza kuzichaji kwa umeme wa jua. Msichanganye betri mpya na nzee, na kamwe msichaji betri isiyo ya kuchajiwa.

Nguvu hiyo hugusa hata uandishi wa programu. Mwanetu aliandika: nenda mbele sekunde mbili, kisha geuka. Katika NQC muda huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo aliandika 200. Betri zilipochoka, sekunde mbili zile zile zilikifikisha kigari nusu ya njia, kikageuka mahali pasipostahili. Alipobadili amri kuwa "nenda mbele mpaka kihisi kiguse ukuta," kigari kilifika kila mara, kwa mwendo wa haraka au wa polepole. Programu haikutegemea tena uchovu wa betri.

Elimu hii si ngeni katika historia ya Waislamu. Al-Jazari, aliyekuwa fundi wa watawala wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo inayojiendesha. Mmojawapo ni mashua yenye wanamuziki wa bandia, ambao vigingi katika gurudumu viliwapigisha ngoma zao. Naye alianza na nguvu: maji yatoke wapi, yashuke kwa kiasi gani.

Walio na matoleo ya baadaye wana nafuu. NXT ya mwaka 2006 na EV3 ya mwaka 2013 hazipotezi programu-msingi betri zikitolewa, na huunganishwa kwa waya wa USB. Lakini betri zake maalumu za lithiamu zikivimba, ziondoleweni mara moja, wala zisichajiwe usiku watu wakiwa wamelala. Na kwa kuwa kampuni ilisitisha Mindstorms mwishoni mwa 2022, hifadhini nakala za diski na programu mapema, maana kifaa chaweza kubaki kizima na programu yake ikakosekana.

Siku kigari kilipotembea tena tuliwaita watoto wote sebuleni, tukasema mbele yao kwamba ndugu yao alisema kweli na baba yao ndiye aliyekosea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikwambia, baba." Hatukuwa na la kujibu. Tulipaswa kuuliza kabla ya kuhukumu, na ushahidi ulikuwa mfukoni mwetu, ndani ya tochi.

Sasa juu ya tofali la njano pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wake: "Usitoe betri bila kuuliza." Nasi huuliza.