Chembe za sumaku zinazosahau

Neno «nano» lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kibeti. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimeta. Chembe tunazozieleza hapa zina upana wa nanometa 10 hivi: ukizipanga 5,000 katika mstari mmoja, utapata takriban unene wa unywele.

Zimeundwa kwa chuma na oksijeni, kama kutu. Lakini katika kutu ya kawaida, karibu kila atomu ya chuma imepoteza elektroni tatu. Katika magnetiti, lile jiwe jeusi linalovutwa na sumaku, kila atomu mbili za namna hiyo huandamana na moja iliyopoteza elektroni mbili tu. Uwiano huo wa mbili kwa moja ndio msingi wa kazi yote.

Mwaka 1981, huko Ufaransa, mwanakemia René Massart alieleza njia ambayo bado inatumika sana. Kloridi mbili za chuma huyeyushwa katika maji kwa uwiano uleule, kisha amonia humiminwa huku mchanganyiko ukikorogwa. Mara moja maji yanageuka meusi: chembe zimezaliwa. Adui ni hewa. Oksijeni ikiingia, magnetiti hugeuka maghemiti ya rangi ya kahawia, ambayo usumaku wake ni dhaifu kidogo. Kwa hiyo nitrojeni hupitishwa kwanza ndani ya maji ili kuifukuza oksijeni.

Njia hii ni rahisi, ila chembe hazilingani ukubwa. Anayetaka zilingane huchemsha misombo ya chuma katika vimiminika vya mafuta, kwenye joto la karibu nyuzi 300. Hapo hulipa gharama nyingine: chembe hizo hazikubali maji mpaka zibadilishwe ganda.

Kwa nini kuhangaikia ukubwa? Kipande kikubwa cha magnetiti kina kanda nyingi za usumaku. Chembe ya nanometa 10 ina moja tu. Joto la kawaida la chumbani linatosha kuupindua mwelekeo wake tena na tena, hata chembe ikaonekana kama si sumaku. Ukileta sumaku karibu, zote hugeukia upande mmoja kwa nguvu. Ukiiondoa, zinasahau. Wataalamu huita hali hiyo superparamagnetizimu.

Kusahau huko kuna faida kubwa kwa mgonjwa. Chembe ambazo zingebaki sumaku zingeshikana ndani ya damu na kuziba mishipa midogo. Hizi, zikivikwa ganda la sukari iitwayo dekstrani, husambaa. Seli fulani za ini huzimeza, na katika picha ya MRI ini zima huonekana jeusi. Uvimbe wa saratani, ambao kwa kawaida hauna seli hizo, hubaki mweupe, na daktari anajua pa kutazama.