Yakini Haiondolewi na Shaka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, ni nani kati yetu hajamwona muumini anayetawadha hadi imamu anatoa salamu? Ameosha mikono, ameshuku, ameanza upya. Na ni mama gani hajapata kukesha akiwaza karo ya muhula ujao na neno alilolisema wifi yake juzi? Wawili hawa wanasumbuliwa na jambo moja: fikra inayorudi pale pale bila kuleta jibu.

Wahenga walisema wasiwasi ndio akili, na kwa kiasi chake ni kweli. Mwenye tahadhari hufunga mlango kabla ya kulala. Lakini anayeamka mara tano kuukagua mlango ule ule ameshavuka mpaka wa akili, ameingia katika adha. Neno hili wasiwasi asili yake ni Kiarabu, nalo limo katika Suratun-Nas, sura ya 114, tunamofundishwa kumwomba Mola atukinge na mwenye kunong'oneza vifuani mwa watu.

Dini yetu haikutuacha hapo. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mwenye kushuku kama ameswali rakaa 3 au 4 ameelekezwa aitupe shaka, ajenge juu ya lile aliloyakinisha, kisha asujudu sijda mbili kabla ya kutoa salamu. Tuzingatie: hakuambiwa aanze upya, wala akae atafakari mpaka akumbuke. Vivyo hivyo, anayeshuku kuwa udhu umemtoka hakatishi swala mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Kutokana na mafundisho kama haya, maulamaa wa fiqhi wameweka kanuni mashuhuri: yakini haiondolewi na shaka.

Kanuni hii tuiingize majumbani mwetu. Mama yule ajiulize: lipi ninalijua, na lipi ninalidhania? Karo inajulikana, basi ahesabu alichonacho, ajue upungufu, na kukipambazuka akazungumze na mwalimu mkuu. Huko ndiko kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Ama alichokikusudia wifi ni dhana tu. Amuulize kwa wema, au aliache lipite. Na anayeshindwa kuchagua kati ya mambo mawili ya halali aswali rakaa 2 za istikhara, ashauriane na wenye busara, kisha ashike moja na kulitenda.

Wanazuoni wetu waliliona tatizo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, mji ulioko Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, na humo akazungumzia wasiwasi. Alimwonya mwenye maradhi hayo asijitenge na watu, wala asikae bure bila shughuli. Tena alinasihi kwamba, kama mtu awekavyo dawa za mwili akiba, na ajiwekee fikra njema wakati ametulia, zimfae siku nafsi itakapotaharuki.

Basi tusimkemee mwenye wasiwasi kwa kumwambia imani yake ni haba. Hata masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) juu ya fikra walizoona vizito kuzitamka, naye akawajulisha kuwa kuzichukia kwao huko ni dalili ya imani. Na fikra zikimnyima mtu usingizi, chakula au kazi kwa majuma kadhaa, aende hospitali akamwone daktari. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, wala hakupingani na dua.

Ewe Mola wetu, zitulize nyoyo zetu, utupe yakini penye shaka na usingizi penye mawazo. Amin.