Viza, Bima na Janga: Istilahi za Safari Ndefu Wakati wa Maradhi

Katika kata ya Kivukoni, jijini Dar es Salaam, iko njia ambayo mtu aendaye ng'ambo kwa muda mrefu huipita mara nyingi kabla hajapanda ndege. Huanzia Umoja House, Barabara ya Hamburg, ambamo zimo balozi za Uingereza na Ujerumani; hupita penye ofisi za bima za katikati ya jiji; na aghalabu huishia Kariakoo, kwenye vibanda vya kupiga chapa na kutoa nakala, ambako hati hujazwa, hufasiriwa na kugongwa mihuri. Katika njia hiyo ndimo tulimookota maneno ya makala hii. Maneno yenyewe si mageni. Lililotushtua ni kwamba maneno tuliyoyazoea, yakiisha kuingia katika hati za viza na bima, hudai fedha na siku za watu, na kosa la mfasiri hulipwa na asiyelitenda.

Tuanze na neno viza lenyewe. Limekwisha kukaa katika Kiswahili na hatuna nia ya kulitoa, ijapokuwa wazee wa pwani wana haki ya kulicheka: kwao viza lilikuwa tayari neno, maana yai viza ni yai lililoharibika lisiloweza kuanguliwa, na kuviza ni kukizuia kitu kisikue. (Tumewasikia waombaji walionyimwa wakisema kwamba wazee hawakukosea.) Baadhi ya wafasiri, kwa kulikwepa neno hilo la kukopa, huandika "kibali cha kuingia". Hapa ndipo tunapoomba wajihadhari. Viza humruhusu msafiri afike mpakani na kuomba kuingia; haimhakikishii kuingia. Anayeambiwa ana kibali cha kuingia huamini kwamba ameshaingia.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi kwamba maradhi ya korona yameenea ulimwenguni, na siku chache baadaye Uchina ikasimamisha kuingia kwa wageni wote waliokuwa na viza na vibali vya ukaazi, isipokuwa wachache. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliozoea kwenda Guangzhou kununua bidhaa, na wanafunzi waliokuwa likizo nyumbani, walishika mikononi hati ambazo muda wake haujaisha lakini hazifai kitu. Wanafunzi walisubiri hadi Agosti 2022 ndipo wenye vibali halali vya ukaazi wa masomo waliporuhusiwa kurudi. Kwa hiyo tunapendekeza viza liachwe liwe viza, na "kibali cha ukaazi" kitumiwe kwa ruhusa ya kuishi nchini tu, kama inavyofanya Idara yetu ya Uhamiaji.

Amri hiyo ya Uchina ilikuwa na mtego mwingine kwa mfasiri wa Kiswahili. Ilianza kutumika saa 6 usiku, tarehe 28 Machi. Usiku gani? Kwa hesabu ya ofisi za dunia, siku hubadilika saa 6 usiku. Kwa hesabu yetu ya asili, siku mpya huingia jua linapokuchwa, na kwa mazungumzo ya kila siku usiku wote ni mali ya siku iliyopita hadi alfajiri. Msomaji anayeambiwa "saa 6 usiku wa tarehe 28" anaweza kudhani kwamba bado anayo mchana wa tarehe 28 mzima. Ndege nyingi huondoka usiku wa manane. Tiketi inayosema tarehe 15, saa 7 usiku, ni safari ambayo mtu hutoka nyumbani kwake jioni ya tarehe 14. Mwenye viza inayokwisha tarehe 14 akikosea hapo, amezidisha muda wake ugenini, na kosa hilo linaweza kukumbukwa atakapoomba viza nyingine. Lugha yetu ina dawa ya ugonjwa huu, tena nzuri kuliko za lugha nyingi: "usiku wa kuamkia". Andikeni "usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Machi", na hakuna atakayepotea.

Kuhusu saa, tunajua kwamba walimu wetu huwakataza wanafunzi kusema "masaa", nasi katika uandishi sanifu tunaandika saa kwa umoja na kwa wingi. Lakini tukiri kwamba watu hawakuunda wingi huo kwa uvivu. Nchi nyingi zilipodai cheti cha kipimo kilichochukuliwa si zaidi ya saa 72 kabla ya kuondoka, hakuna aliyekosea, maana saa ya 72 haipo ukutani. Taratibu ziliposema "saa 6 kabla ya safari", wako waliosikia saa sita mchana. Mfasiri asiyetaka kuandika masaa, na aandike "kwa muda wa saa 6".

Viza ya muda mrefu huwa na muda wa namna mbili, na Kiswahili cha ofisini huziita zote mbili "uhalali". Upo muda ambao mtu anaweza kuitumia viza kuingia, na upo muda anaoruhusiwa kukaa baada ya kuingia. Tunashauri uliotangulia uitwe muda wa kutumika, na wa pili muda wa kukaa. Viza ya Uchina ya mwanafunzi anayekwenda kusoma zaidi ya siku 180 huandikwa sifuri tatu mahali pa siku za kukaa. Aliyefasiri "siku 000" alifasiri sawasawa, na mzazi akaenda kudai arudishiwe fedha. Maana yake ni kwamba muda wa kukaa haujapangwa na viza hiyo. Mwanafunzi hutakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu kuingia.

Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen hutoa viza fupi ya siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Wengi hufasiri "miezi mitatu katika kila nusu mwaka". Kosa ni mara mbili. Kwanza, miezi mitatu si siku 90: Julai, Agosti na Septemba ni siku 92. Pili, hakuna nusu mwaka inayoanza Januari na kwisha Juni. Kila siku msafiri awapo huko, huhesabiwa siku 180 zilizotangulia, kurudi nyuma. Afadhali kusema hivyo kwa urefu kuliko kuunda neno fupi la kupotosha. Anayekwenda kukaa zaidi ya siku 90 haitumii viza hiyo kabisa, bali viza ya muda mrefu ambayo kila nchi huitoa kwa sheria yake.

Sasa tuingie katika bima. Neno hili lilitujia kutoka Uajemi na Bara Hindi, nalo limezaa msamiati wake humu humu nchini: mtu hukata bima kama akatavyo tiketi, hulipa ada ya bima, hupewa hati ya bima, na akipatwa na jambo hudai fidia. Kile ambacho kampuni imekubali kukibeba tunakiita kinga. Mwombaji wa viza fupi ya Schengen hutakiwa awe na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za mkataba na kwa siku zote za kukaa. Nasi huku tunayo desturi hiyo kwa wageni: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar huwataka watalii wa kigeni wakate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, kwa kinga ya siku 92. Walioipanga, yaelekea, walikumbuka kwamba miezi hailingani.

Si kila malipo ya afya ni bima. Uingereza humtoza mgeni anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 fedha za kutumia huduma ya afya ya taifa; tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Mitaani huitwa "bima ya Uingereza". Jina hilo lina hasara. Fedha hizo hazina hati ya bima, hazilipii mzigo uliopotea, wala hazimrudishi mgonjwa kwao. Mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe "ameshakatiwa bima" hataona haja ya kukata nyingine. Tunashauri neno "tozo ya afya". Mwombaji huyo huyo akitoka Tanzania hudaiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu, nacho kisichanganywe na cheti cha chanjo, kwa kuwa kupimwa si kukingwa.

Tumefika kwenye neno lililotufanya tuiandike makala hii. Tuliletewa hati ya bima ya safari iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na katika orodha ya mambo yasiyolipiwa palikuwa na mstari huu: "Kampuni haitawajibika kwa milipuko na majanga." Katika lugha ya asili mstari ulihusu maradhi yanayoenea tu. Kwa Kiswahili je? Janga ni balaa lolote kubwa. Mafuriko ni janga, moto ni janga, ajali ya basi ni janga. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 kila mtu aliliita janga. Mlipuko nao ni wa mtungi wa gesi kabla haujawa wa kipindupindu. Kwa hiyo mfasiri, kwa maneno mawili, aliiondoa bima yote: msafiri alikuwa amelipa ada apate kinga dhidi ya jambo lisilo janga wala mlipuko, na kwa jambo kama hilo hakuna mtu akataye bima. Mwandishi wa gazeti anaweza kusema janga na akaeleweka, maana habari nzima humfafanulia. Mkataba hausomwi hivyo. Husomwa neno kwa neno, tena na mtu aliyefiwa au aliye hospitalini.

Baadhi ya watangazaji hutumia mkurupuko badala ya mlipuko, na neno hilo halina baruti ndani yake. Lakini halijaenea kiasi cha kutegemewa katika mkataba. Tunapendekeza "maradhi ya mlipuko" kwa maradhi yanayozuka ghafla mahali fulani, na "janga la maradhi" kwa yale yaliyoenea nchi nyingi za dunia, kwa sharti kwamba katika hati yoyote ya kisheria maneno "ya mlipuko" na "la maradhi" yasitengwe na wenzao hata mara moja. Kwa maradhi yenyewe, UVIKO-19 limeundwa kwa Ugonjwa wa Virusi vya Korona na mwaka 2019 yalipotambuliwa, nalo lilikuwa limekwisha kuzoeleka nchini wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021. Hata hivyo hati inayokwenda ubalozini iandike pia COVID-19, kwa sababu ofisa wa huko hatafuti UVIKO.

Karantini ni neno la Kiitaliano kwa asili, likitokana na siku 40 ambazo merikebu zilizuiwa bandarini. Pwani yetu inalijua tangu zamani: majengo ya Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, yaliyojengwa mwaka 1893 yawe gereza, yalikuja kutumiwa kuwaweka wasafiri karantini. Wafugaji nao wanalijua. Wafasiri hulichanganya na "kutengwa", ilhali anayewekwa karantini ni mzima anayeshukiwa, na anayetengwa ni mgonjwa. Kwa daktari tofauti ni ya tiba. Kwa msafiri ni ya mfuko. Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha nyekundu tarehe 22 Januari 2021 hadi Oktoba mwaka huo. Kuanzia tarehe 15 Februari, mkaazi wa Uingereza aliyerudi kutoka huku alitakiwa kukaa hotelini siku 10, na mtu mzima mmoja alilipa pauni 1,750. Alikuwa karantini. Bima inayolipia matibabu ya aliyetengwa hailazimiki kumlipia mzima chumba cha hoteli, na hati iliyoandika "kutengwa" pande zote mbili humpa matumaini yasiyokuwapo.

Kuna neno la kurudi. Bima huahidi kumrejesha kwao aliyeugua au kufariki ugenini, na sheria za uhamiaji hutishia kumrudisha kwao aliyekaa bila ruhusa. Tumeona "kurudishwa nchini" likibeba mambo yote mawili, na mwombaji mmoja akakataa kutia sahihi kwa kudhani anakubali kufukuzwa. La kwanza liandikwe "kusafirishwa kurudi nyumbani kwa sababu ya ugonjwa", la pili "kufukuzwa nchini". Kuhusu aliyefariki, tafadhali tuache "mabaki", ambayo kwetu ni ya chakula. "Mwili" ni neno la heshima, bali katika hati ya bima huchanganyika na majeraha ya mwili. Maiti ni neno wazi, halina utovu wa adabu, na huonyesha bila shaka kwamba kampuni itamleta marehemu azikwe kwao.

Liko jambo ambalo bado hatujalipatia jina: zile fedha ambazo mwenye bima hujilipia mwenyewe kwanza, kabla kampuni haijaanza kulipa. Tumejaribu "sehemu ya mwenye bima", lakini msikilizaji hudhani ni fungu analopewa. Mpaka lipatikane neno zuri zaidi, na tungefurahi kuletewa na wasomaji walio katika kazi hiyo, liandikwe kwa urefu wake wote, pamoja na kiasi chake, katika ukurasa wa kwanza wa hati.