TOPE LA MTO NA METALI NZITO: YAFAA MKULIMA AJUE

Kila masika Mto Kilombero hufurika na kutandaza tope mbugani. Mkulima wa mpunga hulipenda tope hilo, maana ni mbolea asiyoinunua. Lakini tope hupokea kila liletewacho na maji, kizuri na kibaya. Miongoni mwa vibaya hivyo ni metali nzito, kama vile risasi, zebaki na kadimi.

Jinsi tope linavyonasa metali

Jaza chupa ya kioo maji ya mto wakati wa masika, uitikise, kisha uiache itulie. Mchanga hutua mara moja. Udongo laini huchelewa. Pengine hata kesho yake maji hayajatakata. Mto nao hufanya hivyo hivyo. Vijito vishukavyo kutoka milima ya Udzungwa vina nguvu ya kubeba mawe na mchanga. Vikifika penye tambarare mwendo hupungua, navyo huutua mzigo: mchanga kwanza, udongo laini mwisho, penye matete, vidimbwini na ndani ya majaruba.

Metali nzito hushikamana na udongo huo laini, na majani yaliyooza, na kutu ya chuma iliyomo udongoni. Mchanga hushika kidogo tu. Kwa hiyo maji yaweza kuwa safi machoni huku sumu imejikusanya chini.

Tope lisilopata hewa, lile linukalo kama yai viza, lina salfa. Salfa hiyo huifunga metali isiyeyuke. Tope likikauka na kupasuka, hewa huingia, kifungo hufunguka, na mizizi huweza kuinywa metali. Zebaki ina ubaya wake zaidi: vijidudu vya topeni huigeuza kuwa sumu kali iingiayo katika samaki, na kutoka kwa samaki humfikia mlaji.

Samadi huoza ikaisha. Metali haiozi.

Yaliyowapata wengine

Huko Japani, mgodi wa Kamioka ulimwaga kadimi katika Mto Jinzu. Wakulima wa chini walimwagilia mpunga kwa maji hayo na kula wali wake miaka mingi, hata mifupa ya watu, hasa wanawake, ikalainika na kuvunjika. Mwaka 1968 serikali ya huko ilitamka kwamba kadimi ya mgodi ndiyo chanzo. Kazi ya kutengeneza upya udongo wa majaruba ilimalizika mwaka 2012. Hapa kwetu, watafiti walipima mboga zilizolimwa kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, wakatoa habari mwaka 1999 kwamba zilikuwa na risasi na kadimi.

Hatusemi haya ili mkulima wa Kilombero aliogope tope lake. Twasema kwa sababu kuzuia ni kazi ya siku moja, na kuondoa ni kazi ya miaka.

Mambo ya kufanya

1. Usitupe betri za tochi, pikipiki au gari mtoni, mferejini wala jarubani. Betri ya gari ina risasi nyingi.

2. Dhahabu isisafishwe kwa zebaki kando ya kijito kinacholeta maji mashambani. Ukiona, toa taarifa kwa serikali ya kijiji.

3. Acha matete na majani ya ukingoni. Hupunguza mwendo wa maji na kushika tope kabla halijafika shambani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 huhifadhi mita 60 kutoka ukingo wa mto.

4. Tope lililozolewa katika mtaro upitao gereji au jalala lisitiwe shambani kama mbolea.

5. Udongo ukipimwa ukakutwa na kadimi, usikaushe jaruba mpunga unapochanua. Weka maji mpaka wiki tatu baada ya kuchanua, ndipo uyaachie kwa ajili ya mavuno.

Ukiwa na shaka juu ya tope la shamba lako, mwone Bwana Shamba kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.