Mazoea Hutudanganya

Sisi tulio walimu twaijua taabu ya sauti kukauka. Mwaka mmoja hapa Bulyaga watoto wa nyuma darasani hawakutusikia tena. Tulipopumzika sauti ilirudi, tulipofundisha ikapotea.

Taabu hiyo ilimpata F. M. Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869 katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Kazi yake ilikuwa kusoma mashairi mbele ya watu. Waganga walimshauri apumzike, wala haikufaa. Basi akajitazama katika kioo alipokuwa akisema, akaona ya kuwa kila mara alivuta kichwa nyuma, akalibana koo, akavuta pumzi kwa nguvu. Alipojaribu kujisahihisha alidhani amefaulu, kumbe kioo chaonyesha kichwa kingali nyuma! Maana jambo tulilolizoea, hata likiwa baya, twaliona kuwa sawa. Na lililo sawa twaliona geni. Kwa hiyo alijifunza kwanza kungoja: akiisha kutaka kusema, aliyakataa mazoea yale, ndipo akasema.

Hata hivyo mazoea si adui siku zote. Tazameni mama zetu wanaopanda vilima na mkungu wa ndizi kichwani, shingo imenyoka. Mwaka 1986 wataalamu waliowapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wachukuao mzigo kichwani na Wakikuyu wauchukuao kwa ukanda upitao pajini pa uso, walitangaza ya kuwa waliweza kuchukua hata asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Asiyezoea hawezi kuwaiga kwa siku moja.

Nasi je? Mwenzetu mmoja alituambia ya kuwa twainua kidevu kila tuwaitapo watoto wa nyuma. Hatukusadiki, mpaka kioo kikatushuhudia. Sasa kabla ya kuita majina asubuhi twanyamaza kidogo, shingo ilegee. Siku nyingine twasahau. Lakini watoto wa nyuma wanatusikia. Tena sauti ikikauka majuma matatu, yafaa kumwona mganga.

Basi, wazazi na walimu, tusimkemee mtoto, "Kaa wima!" Atakaza mgongo kama gogo, na punde atajikunja tena juu ya daftari. Tumwulize kwa upole, "Shingo yako ikoje sasa?" Akiisha kujiona mwenyewe, ameanza kujifunza.