Mchungaji Aondoke Lini?

Mchungaji mmoja alinijia Jumatatu jioni akiwa na barua ya kujiuzulu ndani ya Biblia yake. Karatasi ilikunjwa mara nne na mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Alikuwa ametembea nayo miezi. Usiku uliotangulia, kikao cha wazee kilikesha kikigombania fedha za mavuno. "Mwalimu, nimechoka," akaniambia. "Niipeleke au niichane?"

Nimefundisha wachungaji miaka mingi, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote la mafundisho ya imani. Padri wa Kikatoliki huhamishwa na askofu wake, mchungaji wa Kilutheri wa KKKT na dayosisi yake, na Wamethodisti wamezoea kuhamishwa tangu enzi za John Wesley. Lakini kwenye makanisa yanayojitegemea, ya Kibaptisti na mengi ya Kipentekoste, barua ya uhamisho haiji. Mchungaji na wazee wake ndio wa kuamua, na hapo ndipo penye maumivu.

Wengi hujipima kwa namna wanavyotendewa. Akinuniwa, anaona Mungu amemwambia aondoke. Akipendwa, anaona ameambiwa abaki. Kipimo hicho si cha kutegemewa. Mwaka 1782 Charles Simeon alipewa kanisa la Holy Trinity mjini Cambridge, Uingereza, na waumini hawakumtaka, walikuwa na mtu wao. Viti vya kanisa vilikuwa na wenyewe, nao wakavifunga kwa kufuli, hata waliokuja kumsikiliza wakabaki wamesimama kwenye vijia kati ya viti. Akatafuta viti vingine kwa fedha yake, wazee wakavitupa nje. Angeondoka, nani angemlaumu? Alikaa hapo miaka 54, hadi alipofariki mwaka 1836, na mikononi mwake walipita vijana kama Henry Martyn, aliyekuja kutafsiri Agano Jipya kwa Kiurdu na Kiajemi.

Bukoba, Tanzania, mambo yalikuwa kinyume. Bengt Sundkler, Msweden, alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa la Kilutheri la Buhaya kuanzia mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia kiti Josiah Kibira, mwana wa nchi, akarudi kwao. Kibira aliongoza miaka 20, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Fikiria Sundkler angeng'ang'ania kiti kwa kuwa tu hapakuwa na aliyemfukuza.

Kwa hiyo tazama kazi. Je, kundi hili bado lina hitaji ambalo wewe ndiye wa kulitimiza? Kama lipo, baki, hata wakikufungia viti. Kama kuna wa kulitimiza vizuri zaidi yako, kabidhi, hata wakikulilia.

Nilimuuliza yule mchungaji hivyo hivyo, akajibu bila kusita: vijana aliowaanzishia mafundisho bado wachanga, wanamhitaji. Kisha nikamuuliza, "Ukiondoka, watoto wako watalala wapi?" Akanyamaza muda mrefu, akiikunja na kuikunjua ile barua. Anaishi nyumba ya kanisa, kiwanja hana. Nilichogundua ni kwamba hata kubaki kwake hakukuwa huru. Hofu ya kukosa paa ilikuwa imejificha nyuma ya neno "wito", na akichoka, hofu hiyohiyo inageuka hasira. Mtu asiyeweza kuondoka hawezi kusema kweli kwamba ameamua kubaki.

Tulikubaliana barua ikae miezi mitatu, asiandike wala kutamka lolote wiki ya ugomvi, na mkewe ashirikishwe, maana alikuwa hajaambiwa. Ikiwa baada ya hapo bado anaona aondoke, baraza la wazee lisikie kwanza, kabla ya kwaya na kabla ya simu za mjini. Akabidhi rejista ya ubatizo na vitabu vya fedha mkononi mwa mtu. Na akishaagwa, asirudi kufungisha ndoa wala kuzika mpaka mchungaji mpya amwalike.

Ninyi wazee wa kanisa mnaosoma haya, kabla ya kikao kijacho cha mavuno, mwulizeni mchungaji wenu kama ana kiwanja. Kama hana, anzeni kumchangia sasa, angali nanyi na mnapatana.