Mpini wa Bastola na Mkono Mkubwa

Kila aliyewahi kulima ajua kwamba jembe la jirani humchosha mtu upesi kuliko jembe lake mwenyewe, ijapokuwa majembe yote mawili yamenunuliwa duka moja. Tofauti ni mpini. Katika karakana ya chuo chetu cha ualimu huwaagiza wanafunzi wachonge kila mtu mpini wake, akiupima kwa kiganja chake, wala hatuhitaji kuwaeleza sababu mara mbili. Walakini watu wengi hawafikiri hivyo juu ya bastola. Hudhani kwamba kitu kilichotoka kiwandani kimekwisha kukamilika, na kwamba ni wajibu wa mkono kukizoea.

Mwaka mmoja tulikuwa na mwanafunzi aliyepata kuwa askari polisi, mtu mrefu, ambaye kiganja chake kilitosha kulifunika daftari. Alituonyesha makovu katika panda ya mkono wake wa kulia, pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Alisema kwamba kila siku ya shabaha bastola ilimng'ata, hata akaanza kufumba macho kabla ya risasi kutoka, na risasi zake zikaenda kando. Wakubwa wake wakamdhania mwoga. Hakuwa mwoga hata kidogo. Alipewa mpini wa mtu mwingine. Na risasi iliyokosa shabaha haisimami hewani. Huendelea mpaka imkute kitu au mtu, pengine mtu asiyehusika na jambo lo lote. Kwa sababu hiyo twaona jambo hili lafaa kuelezwa.

Kipimo kilicho kikubwa ni umbali kutoka panda ya mkono hadi uso wa kifyatulio, yaani kile kidude kivutwacho kwa kidole. Mkono ukiishika bastola sawasawa, nyama ya ncha ya kidole cha shahada ndiyo ikaayo juu ya kifyatulio. Mwenye mkono mdogo hakifikii vema. Mwenye mkono mkubwa hukipita. Kidole chake huingia ndani mpaka kiungo, na akivuta, huusukuma mtutu upande badala ya kuvuta moja kwa moja kuja nyuma. Tena mpini ukiwa mwembamba, vidole huzunguka hata ncha zake zikagusa kiganja, na bastola hupata nafasi ya kugeuka mkononi inaporuka. Mpini ukiwa mfupi, kidole cha mwisho hukosa mahali pa kushika. Na nyama ya panda ikiwa nyingi, hupanda juu mpaka njia ya nyundo, na nyundo irudipo nyuma huibana. Hayo ndiyo yaliyompata mwanafunzi wetu.

Mafundi wamelijua jambo hili siku nyingi. Bastola ya Marekani iliyobuniwa na John Moses Browning ilikubaliwa na jeshi la nchi hiyo mwezi wa Machi 1911, ikaitwa M1911. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika miaka ya 1920, ilifanyiwa mabadiliko, ikapewa jina la M1911A1. Kifyatulio kilifupishwa, na chuma kilicho nyuma yake kikachongwa pande zote mbili ili kidole kifike kwa urahisi. Mgongo wa mpini, uliokuwa umenyooka, ulifanywa wenye kibyongo. Mkia ulio juu ya panda ya mkono ulirefushwa, nao ncha ya nyundo ikapunguzwa, ili nyundo isiume. Tazameni basi: mkia mrefu ulikuwa rehema kwa watu wa mikono minene, lakini kifyatulio kifupi kilizidi kuwabana. Bahati njema ni kwamba vipande hivyo huweza kutolewa na kubadilishwa. Fundi humtilia mwenye vidole virefu kifyatulio kirefu, na mgongo humchagulia ule uliojaa vema katika kiganja chake, ama ulionyooka ama wenye kibyongo.

Bastola za gurudumu, zile zenye matundu ya risasi yanayozunguka, zina taabu yake. Nyuma ya kitanzi cha chuma kilindacho kifyatulio kuna pengo, na kidole cha kati cha mkono mkubwa huingia humo, kikagongwa na kitanzi kila risasi itokapo. Dawa yake ni kulijaza pengo hilo kwa kipande cha chuma au cha mpira, au kuvua vibao vya mpini na kutia vingine vikubwa zaidi. Waingereza nao, walipotoa Webley Mark VI mwaka wa 1915, waliuacha ule mpini wa zamani uliopinda kama mdomo wa ndege, wakaweka mwingine wa mraba, wenye kushikika zaidi.

Lakini wanaolijua jambo hili kupita wote ni wapiga shabaha wa mashindano. Mpini wao huchongwa kwa mbao kufuata umbo la mkono wa mtu mmoja. Wakiona mahali penye nafasi hupaka lihamu ya mbao ingali laini, hukamata, huacha ikauke, kisha hupiga tupa na msasa palipozidi. Mpini wa namna hiyo mtu mwingine akiushika huona kama amevaa kiatu cha mwenziwe.

Majeshi yalikawia. Mwaka wa 1985 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya Beretta, likaiita M9. Risasi zake 15 hupangwa safu mbili ndani ya mpini, na kwa hiyo mpini ni mnene. Wenye mikono mikubwa walitulia, zamu ya kunung'unika ikawa ya wenye mikono midogo. Mwaka wa 2017 jeshi hilo hilo lilichagua bastola ya SIG Sauer iitwayo M17, ambayo mpini wake hupatikana kwa vipimo vitatu, mdogo, wa kati na mkubwa. Viwanda vingine huuza bastola pamoja na migongo ya kubandika nyuma ya mpini, na mtu huchagua imfaayo.

Kazi ya kutengeneza mpini hapana budi ifanywe na fundi mwenye idhini, na kabla ya kugusa cho chote risasi zote zitolewe, matundu yatazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole. Mbao na mpira huweza kuchongwa. Chuma kisipigwe tupa na asiyejua. Kitu kilichoongezwa kisifunike kizuizi cha usalama wala kuzuia magazini kutoka. Katika M1911 kuna kizuizi nyuma ya mpini ambacho lazima kibonyezwe na kiganja chenyewe, na mkono ukikaa vibaya, bastola hukataa kulia.

Mwanafunzi wetu alituambia kwamba mwishowe mkuu mmoja alimruhusu kubadilishiwa bastola. Aliyopewa ilikuwa na mkia mrefu na kifyatulio kirefu. Ilimchukua majuma kadhaa kuacha kufumba macho.